Rangi ya Bluu Chini ya Boneti

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya Kihesa, pale Iringa, ambayo mpaka leo nikiifikiria naona aibu kama vile ilikuwa jana. Kaa hapo, na simu iweke mfukoni. Hata kama hujui kufungua boneti, hili linakuhusu.

Nilikuwa kijana, fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, na nilikuwa najiona kweli. Kazi yangu ilikuwa kutoa injini za zamani za kabureta na kupandisha zile za EFI, ambazo mafuta yanaingia kwa nozeli na kompyuta ndiyo inayoamua yaingie kiasi gani. Wenzangu wengi walikuwa wanaziogopa kwa sababu ya utitiri wa nyaya. Mimi nilikuwa siogopi kitu, na hilo ndilo lilikuwa tatizo langu.

Akaja Mama Tumaini kutoka Iringa na pikapu yake iliyochoka. Kila alfajiri alikuwa anakusanya maziwa ya akina mama wenzake njia ya Kilolo, anayashusha Kihesa. Kikundi kizima kilikuwa kimejinyima ili pikapu ipate injini nyingine. Kazi niliifanya kwa moyo, sikudanganyi. Tena ili Iringa nzima wajue kijana wa Mbeya amepita, nikakwangua kutu yote chini ya boneti, nikapiga rangi ya bluu, ikang'aa mpaka mafundi wa jirani wakaja kuchungulia. Rangi ilipokauka ndipo nikafunga nyaya zangu. Injini ikaitika mara ya kwanza tu. Mama akanishukuru sana, akaondoka.

Wiki haikuisha, akapiga simu. "Mwanangu, gari inanizimikia njiani. Asubuhi nikiwasha taa inaanza kukohoa, inakosa nguvu, halafu inazima."

Nikamwambia, "Mama, hiyo ni petroli chafu. Badilisha kituo."

Hebu fikiria! Mtu amenitajia ugonjwa wenyewe, mimi namletea habari za kituo. Maskini akabadilisha kituo, gari ikazima tena. Siku tatu maziwa yakaharibika barabarani, na akina mama wakaanza kusema wampe kazi mtu mwingine mwenye gari la uhakika. Akanipigia tena, sauti haina hata hasira, imechoka tu. "Njoo, baba. Jumapili baada ya ibada wanakaa kuamua. Wakiniacha, sina kazi nyingine."

Nikapanda basi na boksi langu la spea. Nikabadilisha pampu ya mafuta. Nikasafisha nozeli. Nikabadilisha sensa mbili, vile vipimo vinavyoiarifu kompyuta, nikaanza na kompyuta kuitazama kwa jicho baya. Kila nikimaliza naijaribu mchana, jua linawaka, naenda nayo mjini na kurudi, inakwenda safi kabisa! Naikabidhi kifua mbele. Alfajiri Mama anaingia nayo kwenye ukungu, inazima kwenye mlima uleule wa njia ya Kilolo. Nilifika mahali nikawaza kurudi Mbeya bila kuaga. Nakwambia ukweli, begi nilishalifunga.

Jumamosi asubuhi Mama akaja na jirani yake, Mzee Mgaya, fundi umeme wa magari aliyekuwa amestaafu, mzee mfupi, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika taratibu, akavuta kiti, akakaa mbele ya gari. Hakugusa kitu. Alisema, "Kijana, weka spana chini. Mama, wewe ndiye uliyekuwa nayo ikizima. Tueleze."

Mama akaeleza yaleyale. "Nikiwasha taa, inakohoa."

Mzee akanigeukia. "Hili ulikuwa umeambiwa?"

"Niliambiwa, mzee."

"Na ulipoijaribu, uliwasha taa?"

"Sikuwasha, mzee." Jua la mchana, taa ya nini?

"Ehee," akasema.

Akatoa mita yake ya kupimia umeme, kuukuu, imefungwa mpira ili isiachane. Akaniambia niwashe injini, kisha niguse hasi ya betri kwa waya mmoja na chuma kitupu cha bodi kwa waya wa pili. Mshale ukasogea kidogo tu. "Washa taa." Mshale ukaruka ukapita volti mbili, na injini ikaanza kukohoa mbele ya macho yetu. Pale ilitakiwa isionekane hata nusu volti, kwa sababu bodi na hasi ya betri ni njia moja ya umeme kurudi. Zikionekana volti, ujue umeme umekwama njiani. Nikautafuta waya wa athi, ule unaounganisha bodi na injini ili umeme urudi kwenye betri. Niliukuta umekazwa vizuri kabisa, juu ya rangi yangu ya bluu.

Rangi haipitishi umeme, mwanangu. Ulikuwa unajipenyeza kidogo kwenye meno ya bolti, mchana unatosha. Taa zikiwaka, nazo zinarudishia umeme njia hiyohiyo, inazidiwa, pampu inalegea, kompyuta na nozeli zinakosa nguvu, gari linazima. Urembo wangu ndio uliokuwa unamwaga maziwa ya watu!

Mzee hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema tu, "Gari halikukuficha kitu, wala huyu mama hakukuficha. Wewe hukutaka kuambiwa na mtu asiyeshika spana."

Nikafungua bolti, nikakwangua rangi mpaka chuma kikawa cheupe, nikakaza upya. Taa zikawaka na injini haikutetereka. Nikadhani tumemaliza. Mzee akainuka na kiti chake. "Bado kesho. Akina mama utawaambia mwenyewe."

Jumapili nikasimama mbele yao baada ya ibada. Nikasema, "Kosa lilikuwa langu. Mama Tumaini aliniambia tangu mwanzo, nikampuuza." Bibi mmoja akauliza kwa nini waniamini sasa. Nikamjibu, "Msiniamini, bibi. Kesho nitapanda naye."

Jumatatu nikakaa kando ya Mama, ukungu umejaa mpaka boneti haionekani, taa zote zinawaka, madumu yanagongana nyuma. Tulipofika kwenye ule mlima, yeye akaushika usukani kwa nguvu, mimi nikaushika mlango. Ikapanda. Ikapanda, mwanangu, mpaka juu! Mama akacheka huku machozi yanamtoka, na mimi pia, kwa nini nikufiche. Maziwa yalifika Kihesa salama, na wenzake hawakumwacha.

Basi nisikilize. Siku hizi mna mashine za kuchomeka zinazowasomea ugonjwa wa gari, na ni nzuri, zitumieni. Lakini kwanza muulize anayeliendesha: linasumbua saa ngapi, ukiwa unafanya nini? Kisha lijaribu kwa namna yake yeye, hata kama hajui jina la kifaa kimoja. Usibadilishe usichokipima. Anza kutilia shaka kazi ya mikono yako mwenyewe. Na ukijua umekosea, sema mapema, kwa mdomo wako, na usimtupie lawama mtu wala petroli. Aibu ya kukiri ni ya nusu saa tu, nimeionja; ya kumpuuza mtu ndiyo ninayo mpaka leo.

Utakosea, mwanangu, hilo halina ubishi. Mungu akujalie masikio ya kusikia na mikono tulivu, na siku utakayosimama kusema kosa ni lako, akupe watu watakaokusogezea nafasi kwenye gari, wakuambie, haya, panda twende.