Kikohozi Bandani

Mama Farasi, kama majirani walivyomwita kwa kutunza farasi waliotupwa, hakumkabidhi mtu farasi mzee kabla hajamsimamisha mtu huyo kimya ndani ya kizimba cha farasi, mpaka mnyama amzoee.

Asubuhi hiyo alikuja mwanamume mpole mwenye shati lililopigwa pasi, akimtaka farasi jike mzee aliyekuwa kipofu. Jike huyo aliokotwa akiwa mifupa mitupu kwenye kiwanda cha kukamua mafuta kilichofungwa, alikokuwa akizungusha kinu kutwa. Kwa miezi minane hakuna aliyemtaka.

"Umewahi kufuga farasi?" Mama Farasi alimuuliza mlangoni.

"Sijawahi, mama. Lakini nina majani tele. Atakula mpaka achoke."

"Meno yake yatachoka kwanza," Mama Farasi akasema, nao wakacheka.

Ndani walisimama kimya huku jike akila taratibu. Kisha vumbi la majani likamwingia mgeni kooni, akakohoa mara moja.

Jike akaacha kula. Akainamisha kichwa, akaanza kuzunguka kwa hatua fupi zilizolingana, kama aliyefungwa kwenye mti wa kinu usioonekana. Kizimba kilikuwa chembamba, lakini hakugusa ukuta hata mara moja. Farasi wengine bandani waliacha kutafuna, zikasikika kwato zake tu.

"Mwambie asimame," Mama Farasi alinong'ona.

"Mimi? Hanijui huyu."

"Mwambie, baba."

Mgeni alitazama chini. "Basi," akasema kwa sauti ndogo.

Jike akasimama palepale, akitetemeka mwili mzima.

Mama Farasi alifungua mlango. "Nenda salama. Kikohozi chako alikizoea kinuni. Huyu atazeekea hapa."