Ubishi wa Rimoti ya Kutikisa

Nauza redio, televisheni na mashine za gemu hapa Katesh, na juzi nilijiaibisha mbele ya wateja wangu mwenyewe. Mwalimu mmoja wa Getanuwas alikuja kununua mashine ya gemu kwa ajili ya vijana wa kanisani kwao. Akauliza kama gemu ya magari inakubali rimoti ya kutikisa, ile unayoipunga hewani badala ya kubonyeza vitufe.

"Gemu zote zinakubali," nikajibu, ingawa sikuwahi kujaribu hata moja.

"Si zote, mama. Nimesoma kwenye simu."

Mimi nifundishwe kazi yangu na simu? Nikawasha mashine, nikashika rimoti ya kutikisa kwa mikono miwili, nikaanza kukata kona kwa mabega na kiuno. Gari likaenda vizuri ajabu. Kona moja nilichelewa, likakata lenyewe. Nikasema hiyo ndiyo teknolojia. Wateja wakapiga makofi. Mwalimu akakuna kichwa, akaniomba radhi.

"Mambo mengine, mwalimu, muwe mnatuachia wenyewe," nikamwambia huku jasho linanitoka.

Hapo ndipo alipozungumza mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kunisalimia na kuketi nyuma yangu.

"Mwanangu, sogea kidogo. Unanizibia, sioni barabara."

Nikageuka. Alikuwa ameshika rimoti ya vitufe, ile anayochezea na wajukuu, na vidole gumba bado vinabonyeza.