Yai, Swala na Mbuzi Asiye na Mafuta

Niseme mapema: mimi nina hasira za karibu, na nilipokuwa na mimba hasira hizo zilihamia mlangoni kabisa. Kwa hiyo siku nesi wa kliniki yetu hapa Kilakala aliponitoboa kidole, akasoma kile kimashine chake na kusema, "Mama, damu nane," nilimjibu vibaya. Nilimwambia apime tena, huenda mashine yake ina njaa. Akapima tena. Nane.

"Una miezi sita," akasema. "Nakupa wiki nane. Isipofika kumi na moja huzalii hapa, nakuandikia rufaa. Mtu wa damu nane akivuja kidogo tu siku ya kujifungua, tunaweza kumpoteza. Sikutishi, nakwambia."

Nilikuwa na miaka thelathini na nane, na hakuna mimba yangu nyingine iliyowahi kufika hapo. Niliogopa, jamani. Niliogopa mpaka nikamwomba nesi msamaha, jambo ambalo mume wangu hataki kuliamini hadi leo.

Nesi akanipa vidonge vya kuongeza damu, halafu tukaja kwenye chakula. Nikamuuliza, kati ya yai na nyama ya swala, kipi kinazidi? Mjomba wangu alikuwa ameshaanza kunihubiria habari za swala. Nesi akacheka. Akasema yai ni fundi wa kumjenga mtoto: lina protini safi, mafuta, vitamini, na vitu vya ubongo. Ila chuma chake ni kidogo na mwili haukipokei chote. Swala hana mafuta ya maana, lakini ana chuma kingi na mwili unakipokea bila ubishi. "Damu utaipata zaidi kwa swala, lakini yai usilidharau. Kula vyote, lipike yai liive, shushia na chungwa, na chai uiweke mbali na chakula."

Kula vyote! Nesi wa watu alisema hivyo kwa sababu hakuwa anaishi nyumbani kwangu.

Nyumbani alikuwepo mama mkwe. Mume wangu, anayefanya kazi chuoni Mazimbu, ndiye aliyemwita aje kunitunza, naye akashuka kutoka Mgeta juu ya lori la mboga na ndoo mbili za karoti, njegere za kutosha kijiji, na sheria. Jioni ya siku ile ya kliniki nikakaanga mayai mawili. Akaingia jikoni, akaniondolea kikaango mkononi.

"Mayai, mwanangu? Na tumbo hilo? Unataka mtoto azaliwe kipara?"

"Mama, watoto wengi tu wanazaliwa vipara."

"Wengine wanaota nywele baadaye. Wa mayai haoti. Kuna fundi viatu kule kwetu, kichwa kinameta mpaka ndege wanaogopa kutua. Mama yake alikula mayai."

Yale mayai aliyala mume wangu. Alisema ni dhambi kutupa chakula. Nilimtazama akifuta sahani kwa mkate, na kwa kweli sijamsamehe vizuri.

Kesho yake akaja mjomba, kaka yake mama yangu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Huyu wangu ana sauti kweli kweli, unamsikia akiwa bado njia panda. Alikuwa amepitia bucha la nyamapori mjini, lile lenye leseni, amenunua kilo mbili za swala na anapeperusha risiti kana kwamba ni cheti cha ndoa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Nimesikia habari za mayai. Yai ni nini? Yai ni kuku ambaye bado hajaamua! Swala anaamka asubuhi anajua anakokwenda. Damu ya mtu inataka mnyama mwenye msimamo."

Mama mkwe akatoka jikoni, akamkaribisha vizuri, akampa kiti na maji. Halafu akasema, kwa upole, kwamba swala hapikwi humo ndani. Swala alikuwa mwiko wa marehemu baba mkwe, na kwa watu wake mtoto anafuata mwiko wa baba. "Ukoo anauchukua kwenu, mkwe, sikatai. Mwiko anauchukua kwetu. Akilishwa swala angali tumboni atatoka na madoadoa."

"Mtoto ni wetu!"

"Ni wenu. Ila utumbo wake ni wa kwetu."

"Yesu na Maria! Utumbo unatenganaje na mtoto?"

Wakabishana mpaka jua likazama, mtoto anaanzia wapi kuwa wa mama na anaishia wapi kuwa wa baba, kama watu wanaogombea mpaka wa shamba. Mimi mwenye shamba lenyewe nilikaa katikati nikila mchicha. Swala alirudi na mjomba, akamla kwake, kwa masikitiko makubwa, alivyodai.

Basi piga hesabu mwenyewe. Mayai kala mume. Swala kala mjomba. Mwenye damu nane anakula majani. Nilikasirika nikalipiga teke sufuria. Lilikuwa la moto.

Ndipo nikaamua kuwa mwizi. Kila asubuhi nikienda kwenye cherehani yangu sokoni, nilisimama kwa muuza mayai ya kuchemsha, nikachukua mawili na kachumbari, nikayala nimejificha nyuma ya nguzo ya umeme. Mwanamke wa miezi saba kujificha nyuma ya nguzo ya umeme! Watu walinisalimia kwa kulisalimia tumbo.

Mjomba naye akaja na ujanja wake. Jumamosi moja akaingia na nyama kwenye mfuko mweusi, risiti hakuna, sauti imeshuka.

"Nimeleta mbuzi," akasema. Hapo angenyamaza tungekuwa salama. Lakini akataka kumfurahisha mama mkwe. "Mbuzi wa Mgeta hasa."

Mtu mzima na akili zake anampelekea mwanamke wa Mgeta mbuzi wa uongo wa Mgeta! Mama wa watu amefuga mbuzi maisha yake yote, anawakamua, anawazalisha, anawagombeza kwa majina. Akaifungua ile nyama, akaibonyeza kwa kidole.

"Mbuzi huyu hana mafuta."

"Dume, mkwe."

"Dume ana harufu. Huyu hana."

Mjomba akafikiri kidogo. "Alioga."

Nikajifanya nakohoa. Mama mkwe akaigeuza ile nyama upande wa pili. "Na wekundu huu?"

"Mazoezi, mkwe. Ile miteremko yenu."

Akamtazama mjomba muda mrefu. Kisha akachukua kisu, akaanza kukata. "Basi nitamtilia mafuta ya alizeti na tangawizi," akasema. "Mbuzi wa mazoezi hukauka haraka."

Akampika, na alimpika vizuri, lo! Ikawa kila Jumamosi mjomba analeta mbuzi aliyeoga na mama mkwe anampika. Mume wangu hakuonjeshwa hata mchuzi; aliambiwa nyama ni ya mgonjwa, akaenda zake kula njegere. Nilifurahi sana, nikaona sasa haki imepatikana. Pembeni ya sahani yangu palikuwa na chungwa limeshamenywa, na birika la chai lilikuwa haliletwi mpaka nimemaliza kula na muda umepita. Sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa na kazi ya kutafuna.

Wiki nane zikaisha. Tukaenda kliniki watatu: mimi, mama mkwe na mjomba, tumebanana kwenye benchi moja na mimi nachukua nafasi ya wawili. Usiku uliotangulia sikulala. Nilikuwa nimeshafunga begi la rufaa, na nililia wakati nakunja zile nguo ndogo. Nesi akanitoboa kidole. Akasubiri. Nikafumba macho.

"Kumi na moja," akasema. "Na nukta mbili juu."

Mjomba akaruka. "Swa..." Akajishika mdomo. "Mbuzi! Mbuzi huyo!"

"Mbuzi gani?" nesi akauliza. "Ulikuwa unakula nini, mama?"

Nikaanza kuusifia mchicha. Mama mkwe akashusha pumzi.

"Mayai mawili kila asubuhi, nyuma ya nguzo ya umeme," akasema. "Na swala kila Jumamosi."

Mjomba akalitazama dari kana kwamba limeanza kuvuja. Nikahisi masikio yanawaka moto. "Mama, ulijua?"

"Mimi nafuga mbuzi tangu sijavunja ungo."

Nesi akaacha kuandika. "Sasa bibi, kama ulijua na kwenu ni mwiko, mbona hukumzuia?"

"Nilimkataza. Kukataza ni kazi yangu, nisipokataza wataniambia nimeutupa ukoo wa mume wangu. Kuzuia hakuna aliyenituma."

Tukacheka. Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa anakunja pindo la kanga yake, anakunjua, anakunja.

"Mimi mama mkwe wangu alinikataza, nikatii," akasema. "Mayai nilichemsha nikawapa wanaume. Nyama nilipika nikawapa wanaume. Nilisifiwa kote kwa adabu. Mume wako alikuwa na dada yake mkubwa, mwanangu. Siku ya kumzaa damu ilinikauka, nikapona mimi, yeye hakupona. Nilikuwa nimeshampa jina."

Mjomba, mwenye sauti yake yote, aliinama akatazama viatu. Niliona aibu kwa kila siku niliyomnunia yule mama, nikamshika mkono, akaniachia niushike.

Nesi akaandika kwenye kadi, akanirudishia. Mama mkwe akauliza imeandikwa nini. Nikamsomea kwamba nitajifungulia hapa hapa, sihitaji rufaa.

"Soma tena," akasema.