Gauni Lililonukia Karafuu Maiti

Mama yangu alikuwa mwosha maiti wa wanawake mtaani kwetu Morogoro, na pua yake haikudanganywa. Serikali ilipofungua biashara ya nje, mitumba ikajaa sokoni, nami nikanunua gauni. Alilinusa kwapani, akalitupa uani.

"Linanukia karafuu maiti," alisema. "Mwenyewe kafa huko Ulaya."

Nikamwambia ni dawa ya wadudu tu, na linanuka, halinukii. Akanikazia macho. Karafuu maiti tunampaka marehemu kwa heshima, akasema, na cha marehemu hakinuki, kinanukia. Tangu siku hiyo alininusa kila niliporudi, hata shikamoo sijamaliza.

Mwezi wa saba, baridi iliposhuka kutoka Uluguru, akaanza kufukiza udi chumbani kila siku. Hatukuwa na harusi wala maulidi. Zamu ya kushuku ikawa yangu. Asubuhi moja akatoka na sweta zito jekundu nisilowahi kuliona.

"Shikamoo, mama." Nikamkumbatia na kuvuta pumzi. Chini ya udi, karafuu maiti ilikuwepo.

"Marahaba," akajibu, akinisukuma. "Ni udi huo."

Sikuwa nimemuuliza kitu.