Mikono Isiyo na Utomvu

Ndiye yule mwigizaji aliyelia tamthilia nzima kama mjane, na siku hizi anapika kwenye televisheni. Kipindi hurekodiwa Nyanga, uani kwa Rahima, mpishi wake wa nyuma ya kamera, kwa sufuria ya Rahima. Hujipaka mafuta mikononi, humenya ndizi moja huku akitabasamu; kamera ikizimwa, kisu humrudia Rahima pamoja na mkungu mzima. Kucha zake hazijawahi kuona utomvu. Ila kwenye kuonja hana mpinzani: hufumba macho taratibu, mkono kifuani, vilevile alivyomlilia marehemu, kisha hunong'ona, "Waitu, jamani! Kama ya bibi yangu wa Muleba." Bibi gani, na mapishi ni ya mama yake Rahima!

Wiki iliyopita ndizi na maharage yaliyobaki ya kipindi aliyala Najibu, mume wa Rahima. Alikula kimya, akaomba chumvi. Jana kipindi kikarushwa, chakula kile kile. Mwigizaji akaonja.

"Mama Shadya," Najibu akamwita mkewe, "njoo uone mtu anayejua kupika!"

Rahima akatoka jikoni, mikono myeusi kwa utomvu, akamkuta mumewe mbele ya televisheni, naye amefumba macho.