Koili ya Fundi Wenceslaus

Zamani mtu wa Kilosa aliyetaka kusikika Mikumi alikaa mwezi mzima akizungusha waya wa shaba kwa vidole vyake, na leo mjukuu wake anasikika dunia nzima bila kuwa na la kusema.

Wenceslaus alikuwa fundi umeme wa shamba la katani. Mambo ya redio alijifunza mwenyewe vitabuni, ukurasa mmoja akiusoma mara kumi. Leseni yake ya mwanaredio wa ridhaa aliitia kwenye fremu, akaitundika pale ambapo mkewe Filomena alitaka ikae picha ya harusi. Shamba lilipofungwa, mwaka 1974, wote wawili walipakiwa kwenye lori, na fremu yao, wakashushwa kijiji kipya nyuma ya Zombo.

Kijiji hicho kilipangwa juu ya ramani na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga pale. Bibi Mwamvua, mzaliwa wa bonde lile, alimwendea mwenyekiti Timotheo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Baba, hapa ni njia ya tembo."

"Usiwe na wasiwasi, bibi. Tembo nao watahamishwa."

Tangu enzi za mababu watu wa huko walilinda mahindi wakiwa juu ya dungu, wakigonga madebe na kuchoma pilipili. Lakini kijiji kilipewa redio kuukuu, ifungwe kwenye trekta, ili tembo wakionekana askari wa wanyamapori waitwe kutoka Mikumi. Siku hiyo hiyo Timotheo aliamuru madungu yote yakatwe kuni. "Nchi yenye redio," alisema, "haikai juu ya miti kama nyani."

Basi mahindi ya kijiji kizima yakawa yananing'inia kwenye antena ya Wenceslaus.

"Fimbo ya antena ina mita mbili na nusu," alimweleza Filomena, "na wimbi linataka zaidi ya kumi. Kinachopungua, unakizungusha." Alichagua mwanzi mkavu, akauchemsha katika nta, akauzungushia waya wa shaba mizunguko sitini, mmoja kando ya mwenzake bila kugusana, ikawa koili, akaifunga katikati ya fimbo. Kisha ikaja kazi ngumu ya kupatanisha redio na antena. Alihamisha kiungo mzunguko mmoja baada ya mwingine, jicho kwenye balbu ya tochi, akingoja iwake sana.

"Kumbe mashine nayo huposewa," Filomena alicheka.

"Ukizilazimisha, mama, nguvu haiendi. Inamrudia aliyeituma, inamuunguza."

"Hilo kamwambie Timotheo."

Mikumi waliitika siku ya tatu ya kuita, sauti safi kama ya jirani. Watu walipiga makofi. Filomena alipanda mahindi yake mpaka ukingoni mwa shamba, kwa kumwamini mumewe.

Kisha zikaja habari za wageni wa ukaguzi. Nyumba zilitakiwa zikae kwenye mstari, na kijiji kilichozungukwa na katani hakikuwa na kamba. Katani yote ilikuwa ya kuuzwa nje. Wenceslaus alikwenda Kilosa kutafuta maji ya betri. Aliporudi alikuta fimbo yake imenyooka, imeungwa katikati kwa msumari.

"Mwenyekiti, koili yangu iko wapi?"

"Ile nundu? Fundi, umeficha mita tisa za waya mzuri kwenye mwanzi wakati kijiji hakina kamba! Na antena ilikuwa kama ng'ombe wa Kimasai. Sasa itazame, inapendeza."

"Nipe waya wangu."

"Umevutwa kati ya vigingi viwili, unapanga nyumba. Nyumba ya kumi na nane ikinyooka, utapewa."

Nyumba ya kumi na nane haikunyooka. Saa kumi ya alasiri ile ile tembo kumi na mmoja walitokea ukingoni mwa shamba, upande wa Filomena. Wenceslaus alipanda trekta, akabonyeza kitufe, akaita Mikumi. Valvu, ile taa ya kioo ndani ya redio, iliiva nyekundu kama kaa la moto, ikatoa harufu ya kuungua.

"Sema kwa nguvu, fundi!" Timotheo alifoka. Akampokonya kipaza sauti, akapiga kelele mwenyewe mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Valvu ikazimika. Bibi Mwamvua alikimbilia madebe, akakumbuka yamefungiwa ghalani kwa ajili ya ukaguzi.

Tembo walikula bila haraka. Filomena alisimama ameshika jembe, hakumtazama mumewe, na kwa Wenceslaus hilo lilikuwa baya kuliko mahindi.

Waliposhiba walirudi kwa barabara ya kijiji, kwa kuwa ilikuwa imenyooka. Mara ya mwisho Wenceslaus alipowaona, walikuwa wanaelekea Mikumi, mmoja nyuma ya mwingine, katika mstari ambao mkaguzi yeyote angeusifu. Na mguuni mwa yule wa mwisho, ukimetameta vumbini, waya wake wa shaba uliburuzwa pamoja na vigingi vyake viwili.