Fundi Asteria na matairi ya theluji kwenye matope ya Kahama

Mvua imekatika muda si mrefu na uwanja wa gereji yake bado unachuruzika maji. Asteria Luhende amepiga magoti juu ya kipande cha boksi, anasugua ubavu wa tairi kuukuu kwa kitambaa cha sabuni mpaka maandishi yaliyofunikwa na tope yanaanza kuonekana.

"Thelathini na nane, ishirini na moja," anasoma kwa sauti. "Wiki ya thelathini na nane, mwaka 2021. Halijazeeka."

Anabonyeza mpira kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha unazama kidogo. Akiuinua, alama inapotea. "Mpira uko hai. Hili nakufungia na usingizi napata."

Anayeambiwa hayo ni dereva wa pikapu aliyetoka Geita asubuhi hii. Njiani amepita maduka ya matairi zaidi ya kumi bila kusimama. "Nilisema sifungi tairi mpaka nimwone huyu mama wa Subaru," anasema huku akicheka.

Mwaka mmoja uliopita, hakuna dereva ambaye angesema hivyo. Mwaka mmoja uliopita, Asteria alikuwa anakaa hapa kutwa nzima akihudumia wateja wawili, siku nyingine mmoja, na siku nyingine anarudi nyumbani mikono ikiwa safi kama alivyotoka.

Ana miaka 43 na watoto watatu. Wa kwanza ni Noela, ndiyo maana mtaani wengi wanamwita Mama Noela. Alizaliwa kijiji cha jirani na Masumbwe, akaja Kahama kupika wali na maharage kwa mafundi wa matairi. Mafundi walipozidiwa na malori ya kwenda Rwanda, walimwomba awashikie jeki. Baadaye mpira wa kompresa. Mwaka wa tatu sufuria alimwachia mdogo wake, yeye akabaki na spana.

"Walinifundisha kufunga na kufungua," anasema. "Kusoma tairi nilijifunza mwenyewe. Niliona limeandikwa kila mahali, nikasema haya maandishi hayakuwekwa kama urembo."

Kwa kuuliza madereva, na kwa Noela kumtafutia maelezo kwenye simu, alijua namba ipi ni upana, ipi ni uzito ambao tairi linabeba, na herufi ipi inataja mwendo wa mwisho linaohimili. Alijua pia ule mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Matairi yenye alama hiyo huja na magari ya mtumba kutoka sehemu za Japani zenye baridi kali.

"Ni laini kama raba ya kufutia. Kwenye lami yenye jua yanaisha upesi, na ukikata kona kwa kasi gari linayumba. Nilikuwa nayavua na kuwauzia wenye mikokoteni ya ng'ombe."

Balaa lilianza na Marcel, mwenye duka la vipuri mjini na Subaru ya bluu ambayo watoto wa mtaa wanaitambua kwa mlio kabla haijafika. Kila mwezi Machi wenye magari ya kasi hufanya mashindano ya matope: kilomita sita kwenye mbuga yenye udongo mweusi, ule ambao mvua ikinyesha unageuka gundi. Mwaka jana Marcel alimletea Asteria gari, akataka matairi mapana kuliko yote yaliyokuwepo.

"Nilimwambia, bosi, mapana yatakaa juu ya tope kama sahani. Akasema injini yake ina nguvu, mimi nifunge tu. Nikafunga."

Subaru ilinasa kwenye dimbwi la pili. Ilivutwa na ng'ombe sita mbele ya umati. Marcel, uso umemwiva kwa aibu, akachukua kipaza sauti cha mtangazaji na kusema maneno ambayo Asteria anayakumbuka neno kwa neno: "Kosa langu ni moja, nimepeleka gari kwa mwanamke."

Watu walicheka. Asteria alikuwa amesimama pale pale na Noela.

"Sikulia mbele ya mtoto," anasema. "Nililia nyumbani, bafuni, maji yakiwa yanamwagika."

Wateja wakapungua, kisha wakakatika. Mumewe, Sostenes, mchimbaji mdogo kule Mwakitolyo, alimshauri arudie kupika. Alikataa.

Ukombozi ulikuja na mkokoteni. Januari mwaka huu, mvua ikiwa imeshika kasi, alifika Mzee Luka, mkulima wa mpunga aliyekuwa amenunua kwake matairi mawili ya theluji miezi mitatu nyuma. Hakuja kununua kitu.

"Shikamoo, baba," Asteria alimwamkia.

"Marahaba, mayu," mzee alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nimepita kukushukuru. Tairi zako zinakamata! Wenzangu wanakwama mbugani na magunia kumi, mimi napita na kumi na tano. Wabeja sana, asante sana."

Asteria aliacha kazi aliyokuwa nayo. Siku iliyofuata alimfuata mzee huyo hadi shambani, akavua viatu, akatembea nyuma ya mkokoteni akiangalia alama ardhini. Aliona jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: meno ya tairi, zile kashata za kina kirefu, zilizochanwachanwa mistari midogo midogo, zilijaa tope na kulitema kila gurudumu lilipozunguka. Na kwa kuwa matairi yalikuwa membamba, yalikata utelezi wa juu yakakanyaga udongo mgumu wa chini.

"Moyo ulinidunda," anasema. "Nilijua nimepata jibu la Marcel."

Wiki mbili kabla ya mashindano alimfuata dukani, wateja wakiwepo.

"Mama Noela," Marcel alisema bila kumwangalia, "safari hii nina fundi mwingine."

"Najua. Na jana kwenye majaribio umenasa tena. Nipe gari siku moja, nikufungie matairi ya theluji."

Duka zima lilicheka. "Theluji iko wapi Kahama?"

"Theluji haipo. Utelezi upo. Haya yametengenezwa kwa ajili ya utelezi."

Marcel akatoa sharti: fundi apande naye garini siku ya mashindano. "Tukinasa, tunase wote, tutazamwe wote."

"Sawa," Asteria alijibu. "Na tukishinda, utasema kwenye kipaza sauti kama ulivyosema mwaka jana."

Kazi ya kuchagua ilimchukua siku nne. Gari lenye nguvu kama lile, anaeleza, halifungwi tairi la kuokota. Yote manne lazima yafanane kampuni, saizi na umri, la sivyo gurudumu moja linashika na jingine linaachia. Alishusha rimu kutoka inchi kumi na saba hadi kumi na sita, akahakikisha rimu hizo ndogo hazigusi breki, na upana akaupunguza kutoka 225 hadi 205. Alipekua matairi zaidi ya thelathini. Seti iliyokubali vipimo vyote ilikuwa moja tu, na nusu yake ilikuwa kwenye mkokoteni wa Mzee Luka.

Mzee alisikiliza maelezo yote, akakuna kichwa. "Kwa hiyo unanivua viatu ukakimbilie mashindano?"

"Nakuachia mengine mawili, baba, bado mazima. Baada ya mashindano nakurudishia yako."

"Chukua. Lakini uwapite wote."

Siku ya mashindano, Sostenes alipiga simu kutoka Mwakitolyo: "Mkikwama usinipigie mimi, wapigie ng'ombe." Asteria alikata simu akicheka. Alipunguza upepo kwenye magurudumu yote, akafunga mkanda, akamwambia Marcel: "Usikanyage mafuta kwa hasira. Kwenye dimbwi usiguse breki. Mwendo uwe mmoja."

Magari kumi yalianza. Matatu yalinasa kwenye dimbwi la kwanza. Kwenye la pili, palepale pa mwaka jana, Marcel alianza kuinua mguu. "Usiachie!" Asteria alipiga kelele. Gari lilizama, likanguruma, tope likafunika kioo chote, na kwa muda hawakuona kitu. Kisha wakahisi magurudumu yanang'ata, moja, yote, na pua ya gari ikainuka ng'ambo ya pili.

Walimaliza wa kwanza. Gari lililowafuata lilichelewa kwa zaidi ya dakika moja, na yaliyomaliza kwa jumla yalikuwa manne.

Marcel alikwenda kwenye kipaza sauti akiwa na tope hadi kwenye nyusi. "Mwaka jana nilisema nimekosea kupeleka gari kwa mwanamke," alisema. "Nilikosea kutomsikiliza. Huyu hapa ndiye fundi." Akamkabidhi kombe alishike yeye. Mzee Luka, aliyekuja na ukoo mzima, alipiga mluzi uliosikika kuliko spika.

Jioni ile Marcel alitaka kuzunguka mjini na matairi yale yale. Asteria alikataa katakata. Aliyafungua pale pale uwanjani na mengine ya lami akafunga. "Tope limeisha, kazi yao imeisha. Ningemwacha aende nayo kwenye lami, ningekuwa fundi wa sifa tu." Kesho yake alirudisha mawili kwa Mzee Luka, akamfungia bila malipo.

Sasa anahudumia magari kumi hadi kumi na tano kwa siku, mengine ya watu wa migodini Geita. Ameajiri wanawake wawili, na amelipia kiwanja Masumbwe ambako anataka kufungua tawi lenye mashine ya kusawazisha magurudumu.

Lakini akiulizwa anachokisubiri zaidi, hataji kiwanja. Anafuta mikono, anatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa: fomu ya chuo cha udereva, yenye picha yake na muhuri mbichi. Kwa miaka kumi na tano amefunga magurudumu ya watu wengine bila kuwa na leseni ya udereva. Masomo yanaanza Jumatatu.

"Marcel nimeshamwambia," anasema. "Mwakani usukani nashika mimi. Yeye atakaa pembeni, afunge mkanda, na asiguse kitu."